Siku Redio Ilipomtangaza Aminieli

Aminieli Nkya alikuwa na sauti nzuri na kazi mbaya. Sauti alizaliwa nayo, kazi alipewa na Redio Upeo, na vyote viwili viliwafanya watu wa Masama, kwao mlimani, wampende kwa mbali. Akipiga hodi kwa mtu bila taarifa, mwenye nyumba alianza kujiuliza nani katika ukoo alikuwa mgonjwa. Akimpigia mtu simu, hata kama ni kuulizia mbegu za mahindi, aliyepokea alitafuta kwanza pa kukaa ndipo akasema haloo. Wapo waliothubutu kumwambia baada ya ibada, mchungaji akisikia, "Aminieli, tunakupenda sana, ila ukitukumbuka usitupigie."

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma matangazo ya vifo. Redio Upeo ilikuwa mali ya kampuni binafsi na ilisikika nchi nzima, lakini matangazo ya vifo ya saa saba na nusu mchana yalisomwa kutoka studio yake ndogo ya Moshi, na sababu haihitaji kuelezwa kwa mtu anayetujua. Mchaga anaweza kuishi Tunduma mpaka akasahau njia ya kwao, akajenga huko, akaozesha mabinti huko huko, lakini siku akifa atarudishwa alazwe kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, pembeni ya baba yake. Na ndugu wote wanatakiwa wafike, wa Kahama, wa Mbeya, wa Dar, na asiyefika atakuwa na maneno ya kujibu mpaka Krismasi. Kwa hiyo kutangaza kifo ni jambo la haraka kuliko hata kununua jeneza. Saa saba na nusu mlima mzima ulinyamaza. Waliokuwa wanachuma kahawa walisimama na vikapu vyao, mashine ya kukata majani ya ng'ombe ilizimwa, na hata walevi waliambiwa washike adabu.

Aminieli hakusomea utangazaji. Alikuwa anasoma matangazo ya usharika kanisani, siku moja akaja mtu wa kampuni kwenye mazishi ya shemeji yake, akamsikia akisoma salamu za rambirambi, akamwita pembeni kabla hata udongo haujakauka. Tangu hapo alisoma wafu wa watu mpaka nywele zikaota mvi. Mke wake alipofariki alimsoma yeye mwenyewe, sauti haikukatika, kisha akatoka studio akapanda kwenda kumzika.

Katika kazi hiyo alikuwa na kanuni moja, na kwa kanuni hiyo hakuna aliyemweza. Hakusoma kifo alicholetewa na mtu mmoja. Akipokea tangazo alipiga simu kwa mtu wa pili, jirani wa msiba, au mchungaji, au hata mtu waliyegombana naye mpaka wa shamba, akauliza kwa upole, "Ni kweli fulani ametutoka?" Mpaka asikie "ni kweli" kutoka kwa huyo wa pili, tangazo halikwenda hewani. Meneja alimwambia anachelewesha vipindi. Wenzake walimtania kwamba anawafanyia wafu usaili. "Mtu hafi kwa mdomo mmoja," alijibu, akaendelea kubonyeza namba.

Halafu kulikuwa na lile neno lake la kufungia. Akishamaliza majina yote, alisema, "Huko nyumbani, kuleni chakula kingali moto." Wasikilizaji walidhani ni mbwembwe za mtangazaji. Kumbe neno lile lilikuwa la mtu mmoja. Mama yake, Bibi Elisifa, alikuwa juu kule Masama, mzee sana, macho yameshafunikwa na mtoto wa jicho, na chakula cha mchana hakuweka mdomoni mpaka amsikie mwanawe, na asipomsikia hakugusa hata cha jioni. Simu aliikataa. "Simu anaongea kila mtu," alisema, "redio anaongea mwanangu." Siku Aminieli akiwa likizo ilimbidi apande kutoka kwake Shirimatunda, mjini Moshi, mpaka kwa mama, akae kwenye kigoda mbele yake, aseme kwa mdomo wake: kula chakula kingali moto. Ndipo kijiko kilipoinuka. Yuditha, dada yake Aminieli aliyekuwa akimtunza mama, alishabembeleza, alishalia, alishatishia kuondoka, mama hakubadilika.

Sasa, ile Alhamisi.

Asubuhi yalikuja magari mawili ya serikali na moja la polisi. Meneja alikuwa anakula chapati, nayo ilibaki mkononi mwake kwa muda wote mwanamama mmoja kutoka wizarani aliposimama katikati ya chumba akasoma karatasi. Alisoma taratibu na kwa adabu. Kuanzia saa hiyo huduma ya utangazaji ya Redio Upeo ilikuwa chini ya serikali, nchi nzima. Kampuni haikuwa na mamlaka tena juu ya mitambo, magari, wala wafanyakazi. Kila mtu aache alichoshika, atoe simu yake, akae. Askari akapita na karai la plastiki, simu zikazimwa zikadumbukizwa humo kama viazi.

Watu waliopata riziki yao kwa kuongea walikaa midomo wazi. Wangeambiwa studio inaungua wangejua la kufanya, wangekimbia. Aminieli alikuwa ameshika matangazo ya siku hiyo, ameshayahakikisha yote.

Aliyeanguka alikuwa Remigius. Huyu alikuwa fundi mitambo, Mkibosho mnene mwenye huruma, aliyekuwa akiifuta mitambo ile kila asubuhi kwa shati lake la zamani. Alipoambiwa asogee mbali na mtambo, alisogea hatua chache, akasema, "Lakini huu unapenda kuzimika," akaenda chini mzima mzima. Aminieli alivua koti lake akamfunika. Koti lenyewe lilikuwa la kahawia, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, na Masama yote ililijua kwa sababu lilienda kanisani miaka na miaka bila kukosa. Askari wakambeba Remigius kumpeleka hospitali. Nje kulikuwa na manyunyu, basi wakalivuta lile koti likamfunika mpaka usoni.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na Eunike, mama wa Masama aliyeshusha ndizi zake sokoni alfajiri na kuja kuangalia magari ya polisi yanatafuta nini redioni. Aliona mtu anatolewa amebebwa. Aliona koti. Alipiga yowe moja tu, akaacha hata pesa zake za ndizi kwa mwenzake, akakimbilia gari za kupanda kwao.

Ndani, Aminieli alikuwa akimwomba yule mwanamama. "Mama, niruhusu nisome haya ya leo tu. Kuna watu watakosa kuzika wazazi wao."

"Baba yangu, leo hakuna atakayeongea."

"Basi niruhusu nimpigie mama yangu, ajue nipo."

"Mama yako ana simu?"

"Hana."

Mwanamama alimtazama. Hakujua amwonee huruma au amkasirikie. "Sasa utampigia wapi?"

"Dada yangu anayo."

"Simu zote zitatoka pamoja," akasema, akageukia jambo jingine.

Hewani waliweka muziki wa ala, usio na mwimbaji, ukapigwa saa nzima, ukarudiwa, ukapigwa tena. Huku mlimani wazee walipousikia walivua kofia. Wanajua muziki wa namna hiyo maana yake nini, mtu mkubwa amefariki na wakubwa wenzake bado wanatafuta namna ya kusema. Wakangoja waambiwe ni nani. Ikafika saa saba na nusu, vikapu vikashushwa, mashine zikazimwa, na badala ya Aminieli wakasikia tarumbeta.

Mtori wa Bibi Elisifa, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ulipoa mbele yake. Yuditha alipotaka kuupasha, mama aliweka mkono juu ya bakuli. "Ngoja," akasema. "Amechelewa tu."

Ndipo Eunike, aliyecheleweshwa na gari, alipofika na habari zake. Yuditha akapiga simu ya kaka yake, namba haipatikani. Akapiga tena. Hata mimi ninayesimulia, ningekuwa pale, sina hakika ningeamini vingine: sauti imekatika, simu imezimwa, na koti limeonekana limemfunika mtu uso. Walimtuma kijana wa ukoo hospitali, akaambiwa mambo yenye polisi akaulize polisi. Polisi akaambiwa arudi Jumatatu. Serikali ikinyamaza, watu hujaza wenyewe, na wanavyojaza hawajazi mambo mema.

Msemaji wa ukoo alikuwa Godlove, binamu yake Aminieli. Godlove si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mtu wa haraka, na katika maisha yake hofu yake kubwa ilikuwa moja, kwamba siku moja ataambiwa alichelewa kutangaza. Aliwafikiria ndugu wa mbali, akamfikiria Pamela, binti wa Aminieli aliyekuwa Mwanza, na mabasi ya usiku yanavyojaa; mwili, alisema, wataudai polisi kabla ya maziko. Jioni ile muziki ulikatizwa kidogo, ikatangazwa kwamba kesho yake matangazo ya vifo yataendelea, ila yatasomwa kutoka Dar es Salaam. Godlove hakungoja kuambiwa mara mbili. Alishuka mjini Bomang'ombe kwa wakala wa matangazo, akatoa maelezo, tangazo likatumwa. Huko lilikofika hakuna aliyempigia mtu wa pili.

Wafanyakazi waliachiwa Ijumaa kabla ya mchana. Walilala studio wakihesabiwa viti na nyaya, wakiulizwa nani alinunua nini. Simu zilibaki, waliambiwa watapigiwa, na hakuna aliyepata nguvu za kuuliza watapigiwa kwa simu gani. Aminieli aliulizia Remigius, akaambiwa ilikuwa presha, anakunywa uji hospitali na anauliza habari za mtambo. Basi moyo ukatulia kidogo. Hakwenda kwake Shirimatunda hata kunawa uso. Alijua mama hajala tangu jana, na mzee wa umri ule siku mbili hazimwachi salama. Alipanda basi la Arusha akashuka Bomang'ombe, atafute pikipiki ya kupanda Masama.

Alisimama mbele ya bucha kungoja. Bucha lilikuwa na redio juu ya mizani. Muziki ukakatika, ikaja sauti ya msichana, safi, isiyo na papara, ikasema sasa ni matangazo ya vifo. Aminieli alihisi wivu, kisha akaona aibu kwa ule wivu, kwa sababu msichana alisoma vizuri. Akasikiliza kama msikilizaji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Mzee Godlove Nkya wa Masama, wilayani Hai, anasikitika kutangaza kifo cha ndugu yake mpendwa, Aminieli Nkya, aliyekuwa mtangazaji, kilichotokea ghafla jana mjini Moshi."

"Maskini," akasema Aminieli kwa mdomo wake.

Lilimtoka kabla hajaelewa, kwa mazoea ya kuwasikitikia watu. "Habari zimfikie Pamela Nkya wa Mwanza," msichana akaendelea, na jina la binti yake ndilo lililompiga. Alishika chuma cha kuning'inizia nyama. "Zimfikie pia Yuditha Nkya wa Masama. Marehemu ameacha mama mzazi, Bibi Elisifa. Mazishi yatafanyika kesho Jumamosi nyumbani Masama. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo."

Likaja tangazo la mtu mwingine. Mwenye bucha alikuwa amesimama na kisu mkononi, anamwangalia. Alimfahamu, alikuwa akimuuzia maini. "Mzee Nkya," akasema kwa sauti ndogo, kama anayemuuliza mtu aliyelala, "si wewe?"

Kufa hakukumshtua Aminieli kama lilivyomshtua wazo lililofuata. Mama yake alikuwa amekaa na redio mapajani, saa saba na nusu, ana njaa ya siku mbili, na sauti ngeni ilikuwa imetoka kumwambia jambo hilo sasa hivi. Kwa mama yake redio haikuwahi kusema uongo. Yeye mwenyewe, Aminieli, ndiye aliyehakikisha haisemi uongo miaka yote ile. Alilia pale pale mbele ya nyama zilizoning'inia.

Kijana wa bodaboda, Jesse, alisogea. "Oya mzee wangu, Masama? Twende fasta, kuna msiba huko leo, abiria wa kumwaga. Unawahi msiba wa nani?"

"Wangu."

"Pole sana mzee. Nani yako?"

"Kijana, mimi ndiye niliyekufa. Washa pikipiki."

Jesse alicheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka. Alimpandisha mlima ule kwa mwendo ambao hata askari wa barabarani asingependa kuusikia, na njiani hakugeuka nyuma hata mara moja, akihofia asikute mtu.

Nyumbani turubai lilishafungwa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye majani ya migomba wanamenya ndizi, masufuria makubwa yako motoni, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshaletwa kwa ndoo. Wa kwanza kumwona alikuwa Eunike. Alisimama, akamwita Mungu kwa Kichaga, "Ruwa wangu!" akakaa tena juu ya ndizi zake. Yowe likaanza upande mmoja likahamia wa pili, watu wakakimbilia kwenye kahawa, mzee mmoja akaanza kukemea pepo kwa jina la Yesu. Nyuma ya nyumba, pembeni ya kaburi la mke wake, Aminieli aliona vijana wawili wako ndani ya shimo mpaka mabegani, wanamwangalia, majembe yamesimama. Aliliona vizuri lile shimo. Lilikuwa lake, kwa urefu wake. Hakusimama, akaingia ndani.

Bibi Elisifa alikuwa kwenye kigoda chake sebuleni, redio mapajani. Kanga yake ilikuwa kiunoni. Wanawake walikuwa wamejaribu kumfunika kichwa kwa maombolezo, akakataa. Bakuli la mtori lilikuwa mbele yake, limejaa.

"Shikamoo mama," akasema Aminieli, na ile sauti nzuri ilitoka imepasuka.

"Marahaba," akasema. "Umechelewa."

"Mama, umesikia redio?"

"Nimesikia."

"Wamesema nimekufa."

"Kuna binti kasema. Mimi simjui. Vifo mimi nasomewa na wewe." Akainua uso kuelekea mlangoni ambako watu walishaanza kuchungulia. "Niliwaambia hawa, kama Aminieli amekufa, mbona Aminieli hajatangaza? Wakaniona nimechanganyikiwa. Godlove yuko wapi? Mwambieni shimo halikai wazi kihambani. Atie samadi apande mgomba."

Watu walicheka. Walicheka kwa kuishiwa nguvu, walicheka huku wanalia, na kwa kuwa chakula kilishaiva na mbege haiwezi kurudishwa pipani, msiba ukageuka karamu. Walikula ndizi za msiba wa Aminieli pamoja na Aminieli. Pamela, ambaye simu yake iliisha chaji njiani, alishuka kwenye basi alfajiri ya Jumamosi akiwa amevaa nyeusi, akamkuta baba yake anakamua ng'ombe, akampiga ngumi za kifuani mpaka watu wakawashika wote wawili.

Lakini hayo yalikuwa ya nje. Mle sebuleni, watu walipotawanyika kwenda kula, Aminieli alichutama mbele ya mama yake akasema lile neno lake, kula chakula kingali moto, ingawa kilishapoa zamani. Mama hakuchukua kijiko. Alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo.

"Niliamini," akasema polepole, ili walio nje wasisikie. "Alivyokutaja jina, mwanangu, niliamini. Yale ya kusema simjui niliyatunga ili nisife mbele za watu. Nilikuwa nakuzika hapa nilipokaa, mpaka pikipiki ilipolia." Mkono wake ulikuwa wa baridi, na hakumwachia hata alipoanza kula. Alikula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo angemchapa mtoto yeyote kwa kulifanya. Alipomaliza alizima redio. Hakuiwasha tena.

Jioni Godlove alikuja ameshika jani la isale, ameinamisha kichwa. Kwetu mtu akikuletea isale huna ruhusa ya kukataa msamaha, hata kama amekuua. Aminieli alilipokea. Kisha akamuuliza, "Ulishindwa hata kumtafuta mtu wa pili?"

Kwa yule msichana wa Dar hakuwa mpole hivyo. Siku chache baadaye alirudishiwa simu yake, na siku ile ile ikalia, sauti ikasema shikamoo baba, naitwa Winfrida, mimi ndiye niliyesoma, nimepiga kuomba radhi. Aminieli alimfokea. Alimwambia amwombe radhi bibi kizee asiyeona aliyekaa na redio mapajani. Alimwambia kazi ile haitaki sauti, sauti hata kasuku anayo, inataka simu moja tu ya ziada. Akakata. Baadaye alijisikia vibaya, kwa sababu msichana alikuwa akilia, lakini hakumpigia.

Serikali iliwachukua baadhi ya wafanyakazi wa Upeo. Remigius alirudi kwa mtambo wake. Aminieli aliambiwa asubiri kupangiwa, akasubiri, akaacha kusubiri, akahamia Masama kwa mama yake na kahawa yake. Saa saba na nusu alikaa kwenye kigoda cha pili, akasema lile neno, mama akala. Mgomba wa kwenye lile shimo uliota kwa fujo, kwa sababu lilikuwa refu kuliko mashimo ya migomba na samadi ilikuwa nyingi. Watu wakipita walimtania, "Aminieli, naona umenawiri." Alicheka nao. Ila usiku mwingine aliota yuko studio anasoma majina, anafika kwenye la kwake, na hana namba ya mtu wa pili wa kumpigia.

Mgomba ule ulikuwa umetoa mkungu wake wa kwanza asubuhi Yuditha alipoingia kwa mama na chai, akatoka na chai ile ile.

Hakukuwa na ugonjwa. Mama alikula vizuri jana yake, akaulizia hali ya kahawa, akalala. Aminieli alikaa kwenye kigoda cha pili mpaka jua likapanda, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Godlove alisimama mlangoni, mzee wa haraka yule, akangoja. Mwisho akakohoa, akasema, "Ndugu yangu, nimeandika, lakini sitaki kukosea. Umeshamwona mwenyewe?" Aminieli akaitikia kwa kichwa. "Basi naenda Bomang'ombe," akasema Godlove, akaenda kwa miguu taratibu, anageuka nyuma.

Wanawake walianza kufika. Turubai likaletwa. Aminieli alikuwa nyuma ya nyumba anawaonyesha vijana mahali pa kuchimba simu ilipolia mfukoni. Namba ilikuwa ya Dar.

"Shikamoo baba. Ni Winfrida, wa redio."

"Marahaba."

"Samahani kukusumbua. Kuna tangazo nimeletewa kutoka Masama, limetolewa na Mzee Godlove Nkya. Wewe ndiye uliyeandikwa mtu wa pili. Ni kweli Bibi Elisifa ametutoka?"

Aminieli alifungua kinywa. Swali lilikuwa lake, alilowauliza watu maisha yake yote kwa sauti hiyo hiyo ya upole, na wao wakajibu, mmoja baada ya mwingine, wajane na yatima, naye akaweka alama na kupiga namba inayofuata. Hakuwahi kujua alikuwa anawaomba nini. Mpaka dakika hiyo mama yake alikuwa amekufa kwa mdomo mmoja tu, mdomo wa Godlove. Akisema yeye, itakuwa imekwisha.

Vijana walikuwa wamesimama na majembe wanamngoja. Mle jikoni Yuditha alikuwa anapanga masufuria, na harufu ya ndizi ilishaanza kusambaa.

"Baba, bado upo?" akauliza Winfrida. Hakumharakisha. "Nakungoja."

"Ni kweli," akasema Aminieli.

Akakata simu, akakaa chini pale pale kwenye udongo, akalia kwa sauti, na sauti ile nzuri ilisikika mpaka barabarani.